Kiluvya, Chanika au Kigamboni: jibu kwa msomaji anayehama Tabata

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 36, nafanya kazi duka la vipuri Gerezani, Kariakoo. Mke wangu ni muuguzi Muhimbili, pale Upanga, na anaingia zamu. Tuna watoto wawili, wa miaka tisa na minne, na mama yangu mzazi anakuja kuishi nasi. Ana sukari, anahudhuria kliniki kila mwezi. Tumepanga Tabata kwa Sh 300,000 kwa mwezi. Tumeweka akiba ya Sh milioni 14, tunataka kiwanja nje ya mji tuanze kujenga. Dalali ametuonyesha Kiluvya, kilomita 4 ndani kutoka barabara ya Morogoro, boda akanitoza Sh 2,000 kufika, mita 20 kwa 30, milioni 5.5. Kuna kingine huko huko, mita 600 tu kutoka lami, 15 kwa 20, milioni 13. Hicho naona ni wizi. Chanika kuna 20 kwa 20 kwa milioni 4. Halafu kuna kampuni inauza Kigamboni, upande wa Kibada, mita za mraba 400 kwa milioni 22, unalipa kwa awamu miaka miwili. Mimi nimeegemea kile cha milioni 5.5 kwa sababu kitaniachia pesa ya msingi. Nimekutumia picha na nakala ya ramani. Ungekuwa wewe ungechagua wapi?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pesa umeitaja karibu kila sentensi, mkeo umemtaja mara moja tu. Mimi nitaanza na yeye, kwa sababu kwenye nyumba yenu yeye ndiye atakayekuwa anarudi wa mwisho. Katika miaka zaidi ya 25 ya kuthamini viwanja na nyumba za pembezoni mwa Dar es Salaam nimeona familia nyingi zikirudi kupanga mjini huku nyumba yao wenyewe imefungwa kufuli, au amewekwa ndugu wa kuilinda. Mara nyingi nyumba haina ubaya wowote. Aliyeshindwa ni mtu mmoja kati yao, yule wa kurudi usiku.

Basi mfuate kwa mawazo tu. Ametoka zamu ya mchana, amekabidhi wagonjwa, amebadili nguo, yuko barabarani saa mbili na nusu usiku. Anapanda gari hadi Kimara, kutoka hapo anatafuta la Mbezi, Mbezi anagombania la Kibaha, anashuka Kiluvya saa nne kasoro ikiwa siku ni njema. Sasa bado kilomita 4. Anapanda boda na kijana asiyemjua, barabara ya vumbi, taa za barabarani hakuna, vichaka huku na huku. Mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Wewe unayetoka Kariakoo saa kumi na moja jioni huwezi kuiona barabara ile kama anavyoiona yeye.

Kisha tufanye hesabu, maana najua ndiyo unayoipenda. Umesema boda kuingia ndani hadi kwenye kile kiwanja alikutoza Sh 2,000. Nyinyi wawili, kwenda na kurudi, ni 8,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 208,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,496,000. Kwa miaka mitatu ni 7,488,000. Tofauti ya bei kati ya kile cha ndani na kile unachokiita wizi ni milioni 7.5. Umeona? Ndani ya miaka mitatu utakuwa umeinunua ile mita 600 bila kuimiliki, na mwaka wa nne utaendelea kuilipia. Hapo sijahesabu mtoto wa shule wala mama wa kliniki, na nimechukua bei ya mchana wa kiangazi.

Utaniambia utanunua pikipiki yako. Wengi hununua. Mkeo ataiendesha saa nne usiku kwenye tope?

Hiyo ndiyo sababu ninapokwenda kukagua eneo jipya sianzi kiwanjani, naanza kijiweni kwa bodaboda. Namwuliza kijana bei tatu: ya sasa hivi, ya mvua ikinyesha, na ya saa nne usiku. Mtu wa boda hana sababu ya kukudanganya kuhusu barabara, yeye ndiye anayeanguka nayo. Akikwambia sasa hivi 1,500, mvua 2,000, usiku 2,000, barabara hiyo inapitika. Akikwambia usiku 4,000, kuna jambo. Mwulize ni kuhusu giza au kuhusu watu. Na akikwambia "mvua ikinyesha huko hatuingii, mzee", umepata taarifa ambayo ramani hazina na dalali hatakupa. Fanya hivyo Kiluvya kabla hujafanya kingine chochote.

Tukitoka kwenye barabara tuje kwenye maji, na hapa nina aibu yangu ya kukusimulia. Mwaka 2008 nilinunua kiwanja Goba, mwezi wa Septemba. Eneo zuri, upepo, na kulikuwa na kinjia kipana cha mchanga mweupe, safi kama wa ufukweni, kutoka barabarani hadi kwenye kona ya kiwanja. Nikajisemea hata gari ndogo inafika. Mthamini mzima, sikujiuliza mchanga mweupe kama ule umefikaje juu ya mlima ambao udongo wake wote ni mwekundu. Masika yalipoingia nikapata jibu. Kile hakikuwa kinjia, ni korongo changa; maji ya mtaa mzima wa juu yalikuwa yakipita pale, yanachukua udongo mwekundu na kuacha mchanga. Nilijenga ukuta wa mawe mara mbili. Mara ya pili ulikaa.

Kwa hiyo ukiwa kiwanjani, acha kuangalia mandhari. Angalia chini. Takataka na nyasi kavu zilizonasa kwenye waya wa uzio kwa usawa wa goti zinakuonyesha maji yalifika wapi. Mstari wa tope kwenye ukuta wa jirani, viroba vya mchanga mlangoni, ngazi mbili za kupanda kwenye nyumba iliyojengwa sehemu tambarare: mwenye nyumba amejifunza kitu, mwulize. Ukiona magimbi au matete yameota yenyewe, umesimama kwenye bonde hata kama leo ni pakavu. Udongo ukipasuka nyufa za kuingiza vidole wakati wa kiangazi, huo ni mfinyanzi unaovimba na kusinyaa, na msingi wako utakula nondo na zege ambazo kwenye bajeti hukuziweka. Chimba kwa jembe, nusu mita tu, ushike udongo mkononi.

Mji huu umeshafundishwa kuhusu mabonde. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwang'oa watu kwenye bonde la Msimbazi, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Watu husikia Msimbazi wanafikiria Jangwani peke yake. Lakini Msimbazi unaanzia huko huko kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na mabonde madogo yanayoulisha yanapita katikati ya viwanja vinavyouzwa leo na kuitwa "tambarare, hakuna maji". Pwani yetu ina vuli na ina masika. Dalali wa Dar es Salaam hufanya kazi nzuri zaidi Agosti na Septemba.

Nimeziangalia picha zako nikiwa na hayo kichwani. Kile cha kilomita 4 umekipiga picha nne. Kwenye ya tatu, nyuma ya yule mtu mwenye kofia, kuna mtaro wa asili unaokwenda sambamba na mpaka. Si mbaya wenyewe. Ila bikoni, yaani alama za kona za mpaka, tatu naziona, ya nne, ya upande wa mtaro, siioni. Pengine imefunikwa na majani. Pengine imekwenda na maji, na mita kadhaa za kiwanja zimekwenda nayo.

Jambo jingine ni ile nakala ya ramani. Hiyo uliyopewa ni mchoro wa mipangomiji, yaani namna eneo linavyotarajiwa kupangwa: hapa makazi, hapa shule, hapa barabara. Si ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na kusajiliwa. Watu wanauziwa michoro kila siku wakiambiwa "kiwanja kimepimwa". Kilichopimwa kina namba ya kiwanja, kina kitalu, kina ramani ya upimaji yenye namba yake ya usajili. Ukizipata hizo, na kama kina hati, unakwenda kufanya upekuzi kwa msajili wa hati, unajua jina la mmiliki na kama kuna benki inayokidai. Na kwa Kiluvya kuna mtego mdogo wa kijiografia: jina ni moja, utawala ni miwili. Kuna Kiluvya iliyo kata ya Kibamba, Manispaa ya Ubungo, na kuna Kiluvya iliyo Kisarawe, mkoa wa Pwani. Usiulize ofisi moja ukaambiwa "hatuna rekodi" ukadhani umetapeliwa. Wala usionyeshwe rekodi za upande usio wako. Na kama eneo liko ndani ya kijiji, linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na hapo ni lazima halmashauri ya kijiji ihusike, si mwenyekiti peke yake na mhuri wake mfukoni.

Nikiwa hapo hapo kwenye mhuri. Serikali ya mtaa inashuhudia kwamba wewe na fulani mmeuziana. Haithibitishi kwamba fulani alikuwa na cha kuuza. Hati ya mauziano ya mtaa ina faida, ipate, ila mwone mke wa muuzaji akisaini kwa mkono wake. Na kama kiwanja ni cha marehemu baba yao, mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ni mpole na amekuchinjia kuku. Wathamini wenzangu wana kesi kabatini za kuku wa namna hiyo.

Sasa nichukue maeneo yako moja moja, ingawa sitayapa nafasi sawa.

Chanika liache. Nasema hivyo kwa familia yako, si kwa kila mtu. Nina rafiki anafuga kuku huko na maisha yake ni mazuri kuliko yangu. Kwako wewe njia kuu ni moja, kupitia Pugu na Gongo la Mboto, unaingia barabara ya Nyerere pamoja na malori na watu wote wa uwanja wa ndege. Njia ikifunga, imefunga. Pia sehemu za huko zinapakana na hifadhi ya msitu wa Kazimzumbwi, na watu wameshawahi kuondolewa humo wakiwa na makaratasi yao ya mauziano mkononi. Kiwanja cha milioni 4 kinaweza kuwa halali kabisa, ila kazi ya kulithibitisha hilo ni yako.

Kigamboni ni hadithi nyingine. Sehemu ya Kibada ilikuwa ndani ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, pamoja na Gezaulole, Kisota, Toangoma, Mwanagati, Mbweni, Bunju na Mivumoni. Viwanja vya mradi ule mpaka leo unavitambua ukipita: barabara za mitaa zimenyooka, na gari la zimamoto linaweza kugeuka. Ukipata cha aina hiyo umepata utulivu wa miaka. Kwa mkeo kuna neema ya ziada, kwa sababu kuna njia mbili za kufika mjini, pantoni kutoka Magogoni na daraja lililofunguliwa Aprili 2016, na kutoka Kivukoni kwenda Upanga ni karibu. Pantoni ina foleni zake na matatizo yake, wakazi wa kule watakusimulia usiku kucha. Daraja lina tozo kwa mwenye chombo. Visima karibu na bahari hutoa maji ya chumvi. Mradi wa maji wa Kisarawe II uliozinduliwa Novemba 2022 umebadilisha mambo mtaani kwa mtaani, si kote, kwa hiyo fungua bomba la jirani uonje.

Tatizo la Kigamboni kwako ni ule mkataba. Milioni 22 kwa miezi 24 ni zaidi ya Sh 916,000 kila mwezi, juu ya kodi ya Tabata. Hata ukianza na akiba yote ya milioni 14, zinabaki milioni 8, kama 333,000 kwa mwezi, na huna hata tofali. Mwulize muuzaji mambo mawili kabla ya kutoa shilingi: hati mama, yaani hati ya eneo zima kabla ya kugawanywa, ina jina la nani, na nikikosa awamu mbili nini kinatokea kwa nilichokwisha kulipa. Jibu la swali la pili liwe kwenye karatasi. Nimesoma mikataba ya awamu ambayo ukichelewa siku 30 kiwanja kinarudi na nusu ya pesa inabaki kwa muuzaji kama "gharama za usumbufu".

Na kwa kuwa umeitaja Kigamboni, nikukumbushe jambo ambalo vijana wa umri wako hamkulipitia. Mwaka 2008 serikali ilitangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Ujenzi na mauziano vikazuiwa kwenye eneo la mpango. Watu walikaa miaka na nyumba zisizoisha na viwanja visivyouzika wakisubiri mji ambao haukujengwa kama ulivyochorwa. Upande mwingine, barabara ya mwendokasi ya Mbagala ilikuwa imeshakamilika, zege linang'aa, muda mrefu kabla mabasi hayajaanza kupita. Dalali anauza bei ya siku basi litakapopita. Wewe utaishi kwenye miaka ya kabla yake. Mtu akikuonyesha kiwanja na kusema "hapa kuna stendi inakuja", mlipe kwa bei ya leo. Stendi ikija, furahi.

Tubaki Kiluvya basi, maana moyo wako uko huko na hata mimi ningekuwa huko, ila si pale unapopataka.

Uti wa mgongo wa upande ule ni barabara ya Morogoro. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane, na upanuzi huo ulitanguliwa na bomoabomoa ya mwaka 2017. Nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, zikiwemo za ghorofa, zikiwemo za watu waliokaa miongo. Kwa hiyo hata kile kiwanja cha mita 600 ninachokisifia, pima kutoka katikati ya barabara, nenda TANROADS ukaulize hifadhi inaishia wapi, uliza pia mkuza, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, wa bomba la maji na wa nyaya kubwa za umeme. Mita 600 ni mbali vya kutosha kwa hifadhi ya barabara. Mikuza mingine haifuati barabara.

Maji ya bomba upande ule yanatoka Ruvu Juu, mtambo ulioko Mlandizi wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na bomba kuu linakuja na barabara hiyo hiyo ya Morogoro. Ruvu Chini, wenye lita milioni 270, unalisha upande wa Bagamoyo, Tegeta na mjini. Kwa maneno mengine, Kiluvya uko jirani na chanzo, lakini bomba linalofika kwako ni jembamba kadiri unavyoingia ndani na kadiri unavyopanda kilima. Namna yangu ya kupima ni kuangalia simtank za majirani. Nyumba ya vyumba viwili yenye tanki la lita 5,000 inakwambia huko maji hutoka kwa mgao mkali. Kisha mwulize mama wa genge dumu la lita 20 linauzwaje. Ukikuta ni Sh 500, na nyinyi ni watu sita pamoja na msaidizi, madumu kumi kwa siku ni 150,000 kwa mwezi. Iongeze kwenye ile hesabu ya boda, halafu niambie tena ni kiwanja kipi cha bei rahisi.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kibamba, hatua chache kabla ya Kiluvya, kuna hospitali ya Mloganzila. Tangu mwaka 2018 Mloganzila iko chini ya Muhimbili. Mwajiri ni yule yule wa mkeo. Je, amewahi kuuliza uhamisho? Katika barua yako hakuna dalili kwamba mmelizungumza. Uhamisho ni barua na subira, na huenda ukakataliwa, kwa hiyo usinunue kiwanja kwa kuutegemea. Lakini ukikubaliwa, safari ile ndefu ya usiku inakuwa ya nusu saa, kliniki ya mama inakuwa jirani, na wewe peke yako ndiye utakayebaki na safari ndefu ya Gerezani, ambayo kutoka Kimara ina njia yake ya mwendokasi. Familia ambayo mtu mmoja tu anasafiri mbali hudumu pembezoni. Ninyi mlikuwa mnapanga karibu wote msafiri.

Sasa ningekuwa wewe ningefanya nini? Nisingenunua mwezi huu. Ningehama kwanza. Nyumba ya vyumba viwili upande wa Kibamba na Kiluvya, karibu na lami, utaipata chini ya hiyo 300,000 unayolipa Tabata. Toa kodi ya miezi mitatu, ingia mwanzoni mwa Machi, kaa masika yote. Mtoto mmalizie muhula Tabata kwa shangazi kama inawezekana. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri simama kituoni uone magari yanavyojaa, uone watu wanavyogeuza na gari hadi mwisho wa ruti ili wapate kiti, na mara ngapi konda anakata safari Mbezi akisema "mwisho hapa". Mkeo azifanye zamu zake zote tatu kutoka huko. Siku ya mvua kubwa, vaa buti, tembea hadi kwenye viwanja vyote viwili. Hiyo itakugharimu kodi ambayo ungelipa hata hivyo.

Ikishindikana, umegundua kwa bei ya kodi ya miezi mitatu, na mlango wa Kigamboni haujafungwa. Ikiwezekana, rudi kwa yule wa mita 600. Milioni 13 ni bei ya kuanzia. Mtu anayelipa yote kwa mkupuo kupitia benki ana nguvu, mwambie milioni 10 na msikutane juu ya 11. Mita za mraba 300 unaziona ndogo kwa sababu umetoka kuonyeshwa 600, lakini zinatosha nyumba ya vyumba vitatu, shimo la maji taka, tanki na kamba ya nguo, ukichora vizuri. Usijenge nyumba kubwa kwanza. Anza na banda la vyumba viwili uani, hamia humo uokoe kodi, nyumba ya mbele iinuke polepole.

Labda utauliza shule. Nimeipita haraka kwa makusudi. Shule za msingi za serikali zipo njia nzima ile, na kwa umri wa mtoto wako wa miaka tisa jambo kubwa ni kama anaweza kutembea peke yake bila kuvuka zile njia nane. Chagua upande wa barabara ambao shule ipo. Hilo tu.

Na kama, baada ya yote haya, moyo wako bado uko kwenye kile cha milioni 5.5, sikulaumu, ni kikubwa na kina miembe. Basi kabla hujarudi kwa dalali, chukua panga na jembe, nenda siku ya kazi bila kumwambia, fyeka yale majani ya upande wa mtaro, uitafute ile bikoni ya nne.